Herufi Zilizoachwa Njiani

Mtu apelekaye maandishi mahali pa mbali hudhani kwamba amepeleka maneno. Kwa kweli alichopeleka ni alama tu. Maneno huzaliwa mara ya pili huko yaendako, mbele ya macho ya msomaji, nayo huzaliwa salama ikiwa msomaji anazo herufi zile zile alizokuwa nazo mwandishi. Herufi zikikosekana, mzigo umefika lakini hauna kitu ndani, na mara nyingine una kitu kilicho kibaya kuliko utupu.

Mji wa Tabora wajua habari za mizigo kuliko miji mingi. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, njia ya misafara itokayo Bagamoyo ilipita Ugogo ikaingia Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: mkono mmoja ulishika magharibi kwenda Ujiji, mwingine ukaelekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kadiri ya frasila mbili begani, na juu ya hizo chungu chake na mkeka wake. Nguo na shanga zilipita hapo, na baruti, na pembe. Barua pia zilipita. Mfuko wa barua za Livingstone uliotiwa tarehe ya 1 Novemba 1870 ulikutwa Unyanyembe na Stanley mwaka uliofuata, maana vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya Ujiji. Stanley aliuchukua, akazunguka nao upande wa kusini, ukamfikia mwenyewe baada ya karibu mwaka mzima. Mfuko ule ulichelewa mno, lakini barua zilipofunguliwa zilisomeka. Wino wa Unguja haubadiliki kuwa kitu kingine Ujiji. Hapo ndipo palipo tofauti baina ya mzigo ule na huu mwingine, uliopita njia ile ile katika zama zetu, ukiwa mdogo wa kutiwa katika mfuko wa shati.

Alikuwako Tabora mwalimu mmoja, Mnyamwezi wa Uyui, aliyefundisha Kiswahili miaka mingi akastaafu mwaka 1998. Utotoni mwake alipata kuingia Kipalapala, katika kiwanda cha chapa cha Tanganyika Mission Press, wakati gazeti la Kiongozi lilipoanza kutolewa mwaka 1950. Alichokumbuka hata uzeeni si gazeti bali kasha la herufi: vyumba vidogo vingi, kila chumba na herufi yake ya risasi, na mpanga herufi akichukua moja moja bila ya kutazama. Aliuliza kama herufi ikiisha kasha lake hufanyaje, akajibiwa kwamba neno hungoja. Jibu hilo alilisimulia mara nyingi, kwa kicheko, kabla hajajua kwamba lamhusu.

Baada ya kustaafu alianza kukusanya maneno ya Kinyamwezi. Hakuwa na shabaha ya kushindana na wataalamu, kwani alikijua kitabu cha Clement Maganga na Thilo Schadeberg kilichochapishwa Köln mwaka 1992, chenye sarufi, masimulizi na msamiati wa lugha hiyo, naye alikistahi. Shabaha yake ilikuwa ndogo na ya haraka. Alitaka maneno ya kazi ambazo wafanyaji wake walikuwa wakipungua, hasa kazi ya nyuki: majina ya mizinga na sehemu zake, majina ya miti ifaayo kuchongwa, maneno ya moshi na kamba na kupanda mtini usiku. Mengi ya hayo aliyapata kwa mzee mmoja mrina asali wa upande wa Sikonge, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, na kila neno alilolitoa alilitoa mara moja tu. Mwalimu aliandika katika madaftari kwa kalamu ya risasi. Yalipofika 4,000 na zaidi, mpwa wake alimshauri ayatie katika kompyuta, katika hifadhidata ya Microsoft Access, ili mtu aweze kuyatafuta kwa herufi, au kwa kazi, au kwa mahali yalipopatikana.

Hapo ndipo jambo la irabu lilipoanza kusumbua. Kiswahili kina irabu tano, Kinyamwezi kina saba. Kati ya i na e imo sauti nyingine ambayo si hii wala si ile, na kati ya u na o imo sauti nyingine vivyo hivyo. Wataalamu huziandika ɪ na ʊ. Katika daftari mkono wa mwalimu uliandika herufi hizo bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Katika kibodi ya kompyuta hazikuwamo. Mpwa wake alimtafuta kijana mjini aliyesifiwa kwa ufundi, naye kijana alifanya jambo ambalo wakati ule lilifanywa mahali pengi duniani. Alichukua fonti mojawapo, yaani faili iliyo na maumbo yote ya herufi za aina moja, akafuta umbo la mabano ya pembe, [, akachora mahali pake umbo la ɪ; akafuta ] akachora ʊ. Kisha akairudisha fonti katika kompyuta. Tangu siku ile mwalimu alipobonyeza mabano, kioo kilimwonyesha irabu. Alifurahi sana. Hakujua, na kijana hakumwambia, kwamba kompyuta yenyewe haikupata habari ya mabadiliko hayo. Tumboni mwake iliendelea kuandika mabano. Neno la mtu, mʊnhʊ, lilisomeka vema kiooni, na ndani ya hifadhidata lilikuwa m]nh].

Mwaka 2009 kazi ilitumwa Urambo. Alikuwako huko mwalimu kijana aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, mwenye kompyuta shuleni, aliyeombwa aikague kazi na kuongeza maneno ya upande wake. Mpwa alinakili faili ya hifadhidata katika flashi akaenda nayo. Fonti hakuinakili, wala haikumpitia moyoni kwamba ni kitu cha kunakiliwa. Faili ya Access haibebi fonti ndani yake. Inabeba jina la fonti tu, kama barua ya kumjulisha mtu ambaye mwenyewe hakuja. Maandishi ya programu ya Word yaweza kufungiwa fonti ndani, mwenye kuyaandika akitaka, lakini hifadhidata ya Access haina nafasi hiyo. Kompyuta ya Urambo ililisoma jina, haikumwona mwenye jina, ikachukua fonti nyingine iliyokuwa karibu, wala haikusema neno. Msomaji wa Urambo akaona maneno ya Kinyamwezi yaliyojaa mabano.

Wiki chache zikapita, flashi ikarudi na barua. "Shikamoo Mwalimu," iliandikwa, "kazi yako ni njema sana, na sisi wanao twajivuna kwayo. Kompyuta yako ilikuwa imetia mabano mengi katikati ya maneno. Nimekusafishia yote, usijisumbue." Naye alikuwa amesafisha kweli. Alikuwa mtu mwenye akili, akaona kwamba palipo na bano la kwanza pafaa i, na palipo na bano la pili pafaa u, akaiamuru kompyuta ibadilishe yote, na kwa amri mbili kazi ya miaka ikawa imenyooka. Mwalimu, kwa furaha ya kuona maneno mapya ya Urambo, aliinakili faili ile juu ya faili yake. Alipoifungua alidhani fonti imeharibika. Fonti ilikuwa nzima. Kilichokuwa hakipo ni kule kutofautiana kwa i na ɪ, kwa u na ʊ, katika maneno 4,000, wala hapakuwa na amri ya kuyatenganisha tena, kwa sababu kompyuta haiwezi kukumbuka jambo ambalo haikupata kulijua.

Ni rahisi kumlaumu yule wa Urambo, na wako waliomlaumu. Mwalimu mwenyewe hakumlaumu. Mtu aliyepelekewa maandishi yaliyochafuka akayasafisha kwa mapenzi hana kosa. Kosa ni la aliyetuma maneno akaziacha herufi nyumbani. Mpwa wake, akitaka kumliwaza, alimwambia, "Lakini mjomba, Mnyamwezi akiona munhu atalitamka sawasawa. Nani hajui mtu huitwaje?" Neno hili lina uzito, na historia ya Kiswahili yalishuhudia.

Watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na alama za irabu katika herufi hizo ni tatu tu. Kasra ilisimama kwa i na kwa e, dhamma kwa u na kwa o. Msomaji aliijua lugha, basi aliongeza mwenyewe lililopungua. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyeipita njia ya Tabora mara nyingi, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi hizo. Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi, zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, na wasomi wa Afrika ya Mashariki wakazipata tena pamoja na tafsiri ya Whiteley katika nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili mwaka 1958 na 1959. Irabu tano zilipita katika mlango wa alama tatu, zikatoka upande wa pili zikiwa tano. Zilitoka hivyo kwa kuwa Kiswahili kilikuwa hai vinywani mwa watu, na kila neno lenye shaka lilikuwa na maelfu ya watu wa kuulizwa.

Mwalimu alimjibu mpwa wake kwamba mtu yu salama. Mʊnhʊ liandikwe vyovyote litatamkwa vema maadamu Wanyamwezi wapo. Lakini jina la mti ambao mrina asali mmoja aliutaja mara moja porini, na ambao kijana wa leo haujui kwa jina wala kwa macho, ni nani atakayeirudisha irabu yake? Neno kama hilo halina mahali pa kuishi ila katika maandishi, na likiandikwa pungufu litakuwa pungufu. Mpwa hakujibu, na pengine hapo ndipo alipoanza kuipenda kazi ile.

Kiswahili chenyewe, ni haki kusema, kimesafiri kwa wepesi ambao lugha nyingine hazikujaliwa. Taasisi ya Lugha za Afrika ya London ilipendekeza mwaka 1927 herufi mpya kadhaa kwa lugha za bara hili, mojawapo ŋ kwa sauti ya ng'ombe. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili haikuzichukua. Iliacha ng' na kijialama chake cha juu, na kwa hiyo Kiswahili sanifu hakina herufi hata moja isiyokuwamo katika kasha la mchapaji wa Kiingereza. Kimepita katika risasi, katika taipureta, katika simu ya maandishi na katika kompyuta bila ya kufungua mzigo wake. Basi si ajabu kwamba mwalimu wa Kiswahili, katika miaka yake yote ya kufundisha, hakupata kufikiri kuwa herufi ni kitu cha kubebwa.

Kazi ilianzwa upya kutoka madaftarini. Safari hii maneno yaliandikwa kwa utaratibu wa Unicode, ambao tangu mwaka 1991 umekuwa ukiipa kila herufi ya dunia nambari yake mwenyewe, isiyoazimwa na herufi nyingine. Nambari ya ɪ ni 026A, ya ʊ ni 028A, nazo ni hizo Tabora, Urambo na Berlin. Access huhifadhi maandishi kwa utaratibu huo tangu toleo la 2000. Yaani ile hifadhidata ya kwanza ingaliweza kuyahifadhi maneno yale kwa haki, kama angalikuwapo mtu wa kusema. Jambo hili lilimuuma mwalimu kuliko yote.

Faida ya Unicode ni kubwa, lakini si ile ambayo watu hudhani. Haileti umbo la herufi. Yatunza utambulisho wake tu. Kazi iliyoandikwa hivi ikifika katika mashine isiyo na fonti yenye maumbo yale, msomaji huona kisanduku kitupu mahali pa irabu. Kisanduku hakipendezi, lakini ni kikweli: chamwambia msomaji kwamba hapa pana herufi asiyoweza kuonyeshwa, na hapana mtu mwema atakayejaribu kukigeuza kuwa i. Bano lilikuwa uongo uliofanana na kosa la kupiga chapa. Hata hivyo kamusi ya visanduku haisomeki, kwa hiyo fonti ilikuwa lazima isafiri.

Hapo likazuka jambo la ruhusa. Fonti huwa na wenyewe. Anayenunua kompyuta hupewa haki ya kuzitumia fonti zilizomo, wala hapewi haki ya kuzigawa, sembuse kuzikata maumbo na kuyabadili kama alivyofanya kijana yule. Misafara ya zamani haikupita Ugogo bila ya hongo, na mwenye msafara aliyedhani atapenya usiku alijuta. Kwa bahati njema ziko fonti ambazo wenyewe wamezifungulia njia. Shirika la SIL, lishughulikalo na lugha, hutoa fonti zake kwa leseni ya wazi iliyopata sura yake ya sasa mwaka 2007. Leseni hiyo yamruhusu mtu kuitumia fonti, kuibadili, na kuigawa pamoja na programu yoyote, hata programu ya kuuzwa, maadamu fonti haiuzwi peke yake, na maandishi ya leseni na ya haki ya wenyewe yanafuatana nayo. Na mwenye kuibadili asilitumie jina la asili ikiwa wenyewe wamelihifadhi. Mojawapo ya fonti hizo, iliyoundwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, yaitwa Andika. Mwalimu alipoliona jina hilo la Kiswahili katika orodha ya majina ya kigeni hakutazama nyingine.

Ikabaki shida ya mlango. Kuweka fonti katika Windows kulihitaji neno la siri la msimamizi wa mashine, na katika shule nyingi msimamizi ni mtu aliye mbali. Kwa watumiaji wa Windows 10 sharti hilo lililegezwa mwaka 2018, lakini kompyuta za shule za upande ule nyingi zilikuwa za zamani. Mpwa, ambaye sasa alikuwa amesoma vitabu vya ufundi kuliko alivyopata kusoma vya shule, aligundua njia nyingine. Fonti iliwekwa katika folda moja na hifadhidata. Programu ilipofunguliwa, mistari michache aliyoiandika ndani yake iliiomba Windows iipokee fonti ile kwa ajili ya programu hiyo peke yake, na programu ilipofungwa fonti iliondoka, wala haikuacha alama katika mashine ya mwenyeji. Hakuna neno la siri lililohitajiwa. Mwalimu alielezwa mara mbili, kisha akasema ameelewa: ni mgeni alalaye na mkeka wake mwenyewe. Katika karatasi ya maelezo mpwa aliandika mambo matatu tu, kwamba folda isigawanywe, kwamba faili ya leseni isifutwe, na kwamba ukurasa wa kwanza wa programu unaonyesha neno mʊnhʊ kwa maandishi makubwa na chini yake picha ya neno hilo hilo. Vitu hivyo viwili visipofanana, msomaji asiendelee, wala asisahihishe lolote. Sharti hili la mwisho lilitoka kwa mwalimu.

Mwaka 2019 folda ilikwenda na gari moshi la Kigoma, ikafunguliwa Ujiji katika kompyuta ya mtu ambaye Tabora hajafika. Alipiga simu jioni ile. Aliulizwa kwanza habari ya ukurasa wa mbele, akasema vimefanana. Kisha akaulizwa asome maneno kumi kutoka katika sehemu ya nyuki, naye, ambaye si Mnyamwezi, aliyasoma polepole kama mtu avukaye mto kwa mawe, na kila alipofika penye ɪ au ʊ alisimama, akaeleza umbo aliloliona. Alikuwa akiyaona yote. Nakala nyingine ilipelekwa Urambo, kwa yule yule wa kwanza, ambaye hakugusa kitu, akaongeza maneno yake katika safu iliyotengwa.

Lakini madaftari yalikuwa yamekaa miaka katika sanduku la mbao, na mchwa walikuwa wameingia katika moja la Sikonge. Sehemu kubwa ya kurasa zilizoliwa iliokolewa kwa kumbukumbu, kwa kulinganisha, na kwa kuuliza vijijini. Majina matatu ya miti hayakuokoleka. Mrina asali alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe walipoulizwa walitaja miti mingine. Katika hifadhidata majina hayo yapo kama yalivyorudi kutoka Urambo mara ya kwanza, kwa i na u tupu, na mbele ya kila moja, katika safu ya maelezo, mwalimu ameandika kwamba irabu haijulikani.